Kampala, fungua dirisha mchana, si alfajiri

Ndugu zangu mnaohamia Kampala, hasa mnaopanga mabondeni kama mimi niliyeko Bwaise: ile desturi ya kufungua madirisha alfajiri ili nyumba ipate hewa safi, huku iacheni. Asubuhi fungeni. Fungueni kuanzia saa tano hivi.

Mji huu ni vilima na mabonde. Usiku ardhi hupoa, hewa baridi hutuama bondeni, na ile yenye joto hukaa juu yake kama kifuniko. Moshi wa sigiri, wa takataka zinazochomwa, wa taksi na bodaboda za mapema, wote hukwama hapo mpaka jua lipashe ardhi na hewa ianze kupanda.

Vumbi jekundu la barabarani linaudhi, lakini sehemu kubwa hutua upesi. Mimi naogopa zaidi chembe zisizozidi mikromita 2.5, kwani hufika ndani kabisa ya mapafu. Unywele mmoja una unene wa mikromita 50 hadi 70 hivi, pima mwenyewe. Tena nyingi hazikutoka na moshi, zimezaliwa hewani. Gesi za salfa na naitrojeni kutoka kwenye injini hubadilika kuwa asidi, zikikutana na amonia ya vyoo na mifugo zinakuwa chembe za chumvi. Zile ndogo kupita kiasi hugongana na kuungana, mvuke nao huzigandia zikanenepa. Hata masizi hayabaki yalivyotoka kwenye ekzosi: hutoka kama vishada, kisha hufunikwa na chumvi na mafuta, yakajikunja. Unyevu ukizidi, chembe za chumvi hunyonya maji na kuvimba, ndipo vilima vya ng'ambo vinapofifia.

Jua nalo huchangia kutengeneza chembe hizi, sikatai. Ila mchana hutawanyika.

Sigiri washeni nje, mbali na dirisha, na hata mvua ikinyesha msiingize mkaa unaowaka chumbani. Gesi yake huua. Leso puani huzuia vumbi tu. Barakoa ya N95 inasaidia ikibana vizuri.

Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umefunga vipimahewa mjini, na programu yake ya simu ni ya bure. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilipendekeza wastani wa chembe hizi ndogo kwa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo. Kiangazi cha Desemba hadi Februari, mvua ya kusafisha hewa ikiwa haba, naangalia namba ya programu kwanza ndipo watoto watoke kucheza.