Kabla ya Kwenda Vuma, Tazama Mwezi

Msomaji wa Mombasa ameuliza: Jumamosi anataka kupeleka vijana sita kwenye magenge ya Vuma, yaani majabali ya ukingoni mwa bahari, karibu na Takaungu. Watoke mjini wakishakula mchana, wapige picha za machweo, warudi. Tarehe aliyotaja ni siku moja baada ya mwezi mpevu. Kwa mpango huo, asiende.

Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, ni bamvua: maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Pwani yetu maji ya bamvua hupwa mnamo saa nne asubuhi, yakajaa mnamo saa kumi alasiri, na tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Anayewasili saa kumi basi anayakuta juu kabisa. Na Vuma si Nyali: hakuna mwamba wa mbali wa kuyavunja mawimbi, yanapiga genge moja kwa moja. Miezi ya kusi ndiyo mibaya zaidi.

Tokeni saa kumi na mbili asubuhi, kabla foleni ya magari haijaziba Mtwapa. Matatu ya Kilifi au Malindi itawashusha njia panda ya Takaungu, kisha bodaboda. Mpatane kwenda na kurudi, na nambari yake mwichukue. Saa sita mchana muwe mmeshaondoka ukingoni. Saa za maji husogea kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo someni jedwali la maji la Kilindini la tarehe yenu.

Ndala hazifai, matumbawe yale yana ncha kama wembe. Vaeni raba za soli nene. Maji ya kunywa lita 3 kila mtu, kivuli ni haba.

Mkifika, msiukimbilie ukingo. Kaeni mbali dakika 15 mkitazama: yatapita mawimbi madogo mengi, kisha yaje mawili matatu makubwa kwa mfululizo. Hayo ndiyo yanayochukua watu. Jiwe lililolowa limeshafikiwa na wimbi, basi rudini mita 5 nyuma yake. Asiwepo wa kuipa bahari mgongo kwa ajili ya picha. Watoto wa watu ni amana.

Genge lenyewe limeliwa chini, sehemu ya juu imetokeza hewani. Aliyeanguka hapandi, ukuta umemwinamia. Ndiyo maana mbebe jerikeni tupu la lita 20, kifuniko kimekazwa, mpini umefungwa kamba ya nailoni ya mita 20. Mtupieni, mwambieni ajitenge na mawe, mwiteni mvuvi mwenye chombo. Asijitose mtu wa pili.

Machweo nayo hamtayaona baharini: pwani hii inaelekea mashariki, jua linatua bara. Ikiwa lazima iwe alasiri, ahirisheni wiki moja. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu, hayajai sana, na saa kumi jioni huwa yamepwa.