Wasifu wa baba hauna hata kicheko kimoja

*Shangazi, shikamoo. Baba yetu tumemzika Nansio, Ukerewe, na arobaini inakaribia. Alikuwa fundi wa vibao na majina ya mitumbwi, mtu wa vituko tangu nipate akili. Kuna mmoja alimcheleweshea hela, baba akamwandikia mtumbwi DENI HALIZAMI. Mwenyewe akaupenda, akadhani ni methali, akavua nao karibu miaka miwili huku mwalo mzima unajua anayedaiwa ni nani. Kilipozama kivuko cha MV Nyerere, baba alichukua rangi akaenda kuyafuta yale maneno bila kutumwa na mtu.*

*Sasa baba mkubwa ameandika wasifu nikausome baada ya misa. Nimeurudia mara tatu, simuoni baba. Nikisema niongeze, ananiambia msiba si mahali pa kuchekeshana. Na mama kanishangaza: nilipokuwa nahadithia wageni wakacheka, aliondoka akaenda jikoni. Baadaye akasema, "Aliwaandikia watu wote, kibanda changu cha chapati hakina hata herufi moja." Nifanyeje? – Binti wa Fundi, Buzuruga.*

Marahaba mwanangu, na poleni sana.

Huo wasifu naujua bila kuuona. Alizaliwa, akabatizwa, akamaliza darasa la saba, akaoa, akaugua, ameacha mjane na watoto, Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Ukibadili jina tu unamfaa marehemu wa kesho. Mume wangu mimi, Mungu amrehemu, alikuwa mkavu kama kigae, lakini siku ya kumzika msomaji akatangaza kwamba marehemu alikuwa mcheshi na mpenda watu. Niligeuka kulitazama jeneza, nikahisi tumebeba la wenyewe.

Hata hivyo usome kama ulivyo. Ni kaka anamuaga mdogo wake kwa maneno aliyonayo, na ukianza kumsahihisha mbele ya padri mtaanza kesi nyingine. Dakika tano zitapita.

Ila hilo la kwamba msibani hapachekwi, baba mkubwa amejisahaulisha. Hajawahi kuona mtani anavaa koti la marehemu, anaiga mwendo wake, anazuia jeneza mpaka apewe chochote? Wajukuu nao ni watani wa babu yao, tena wana haki ya kusema ambayo wewe mtoto huna. Kwa hiyo vituko viende nyumbani, jioni, watu wakishakula. Waanze wajukuu, wewe ufuate. Na usisimame kusema "baba alikuwa mcheshi." Neno hilo halichekeshi mtu. Sema ya mtumbwi, taratibu, na umwache mdeni bila jina. Kama yupo hapo atajitaja mwenyewe.

Kisha usikatize hadithi kwenye kicheko. Endelea mpaka Septemba 2018. Hapo Ukerewe hakuna anayehitaji kuelezwa tarehe 20 ilikuwaje. Kivuko kilizama kikiwa kinakaribia Ukara, watu zaidi ya 200 wakapotea, na huenda miongoni mwa watakaokaa kwenye mkeka wako yumo aliyekwenda kutambua maiti. Kwa hiyo waambie yale maneno yalifutwa lini, na nani aliyafuta. Mimi simjui baba yako, lakini niliposoma mstari huo ndipo nilipomuona: mtu anayejua wakati utani wake umegeuka mwiba, anainuka mwenyewe kwenda kuuchomoa. Mpelekee baba mkubwa hicho kabla ya siku yenyewe, mkiwa wawili. Usimwombe ruhusa. Mwulize tu kama anakumbuka siku hiyo. Kaka mtu atakuwa na chake cha kuongeza.

Jambo jingine, na hili lina haraka kuliko wasifu. Kazi za baba yako zinaoza. Mtumbwi hubadilishwa mbao, hupakwa upya, huuzwa ukahamia kisiwa kingine na jina jipya. Nenda mialoni ukapige picha zilizobaki, na uende wakati wa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawakusanyiki kwenye taa, iwe karabai au hizi za sola, kwa hiyo mitumbwi ya dagaa inakuwa imepumzika nchi kavu, yote pamoja. Ukienda kwenye giza utakuta mchanga na ndoo. Mchukue na kijana anayejua mwandiko wa baba. Mafundi wanaigana, usije ukamsifia marehemu kwa herufi za mwingine.

Sasa mama. Nimemweka mwisho kwa sababu ndiye niliyemuwaza zaidi.

Mwanangu, ninyi mlikuwa watazamaji. Yeye aliishi nyuma ya pazia. Kila kichekesho amekisikia mara mia, na hela ya DENI HALIZAMI ilikuwa ya unga wake. Kinyozi hajinyoi, tunasema na kucheka, lakini ukiwa wewe ndiye mke wa kinyozi haichekeshi sana. Miaka yote anachoma chapati chini ya bati tupu, mume anapita mbele yake na ndoo ya rangi akienda kupamba mtumbwi wa mtu asiyelipa. Kila siku "kesho." Sasa kesho imezikwa, na wageni wanacheka.

Usimwambie baba alimpenda. Hajauliza hilo. Fika siku mbili kabla, kaa naye jikoni, chambueni mchele, na umwachie yeye aanze. Anaweza kumsema vibaya, msikilize bila kumtetea baba. Akimaliza mwulize kama ya kibanda isemwe jioni ile au isisemwe, na kama isemwe, aseme yeye. Nadhani akiisema yeye, watu watacheka kuliko ya mtumbwi. Akikataa, basi hukusikia kitu.

Na kama makopo ya rangi bado yapo uani, msiyauze wala msiwahi kumwandikia kibao kwa kumshtukiza, najua mmeshaliwaza. Mwulize anataka kiandikwe nini. Akisema aachiwe bati lake tupu kama lilivyo, mwachieni.