Okidi ya sapatu: anza na maji

Mtu akiniambia anataka kupanda okidi ya sapatu, humuuliza kwanza atainywesha maji gani. Hapa Nakuru maji mengi ya visima yana floraidi na chumvi, na mizizi ya mmea huu haipatani na chumvi. Kinga maji ya mvua. Kama huna tangi, subiri upate tangi.

Ninayoizungumzia ni Paphiopedilum rothschildianum, yenye asili ya Mlima Kinabalu, Sabah, Malaysia. Jamii yake yote imo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, kwa hivyo ya kung'olewa msituni haifanyiwi biashara. Tafuta iliyozalishwa kitaluni, na kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalolinda afya ya mimea, kipatikane kabla mmea haujasafiri. Muuzaji wa bei ya kutupa asiye na karatasi, achana naye.

Mmea huu hauna kiazi cha kuweka akiba ya maji, basi chungu kisikauke kabisa wala kisituamishe maji. Magome ya msonobari, vipande vya makaa na pamisi (mawe mepesi ya volkano) vinatosha. Mwagilia asubuhi, maji yakilala katikati ya majani na baridi yetu ya usiku, moyo unaoza. Kutoka mche hadi ua yaweza kupita miaka 10, kwa hivyo mwenye haraka apande waridi. Tumba likitokeza, usizungushe chungu, shina litapinda likifuata mwanga.

Ua likifunguka, weka simu kando, chukua lenzi. Petali mbili za kando zimenyooka kushoto na kulia, ncha hadi ncha karibu sentimita 30, lakini wewe tazama juu ya mdomo wa sapatu, ile petali iliyo kama mfuko. Pana kingao chenye vinyweleo na madoadoa. Kule kwao, nzi wa maua hudhani ni kundi la vidukari, chakula cha mabuu wake, akataga mayai papo hapo. Akitumbukia ndani ya sapatu, kuta za mbele zinateleza. Hupanda kwa nywele za nyuma, apite chini ya stigma (sehemu ya ua inayopokea chavua), kisha ajipenyeze kando ya chavua na kutoka nayo mgongoni. Utapeli mtupu! Hapewi hata nekta, na mabuu wakianguliwa hawana cha kula.

Ua la kwanza usilichavushe. Ukilichavusha litanyauka upesi, na mbegu zake, laini kama vumbi, huoteshwa maabara. Likikauka kata kikonyo tu. Tawi lililotoa ua halitachanua tena, ila liache, linalisha chipukizi la pembeni.