Duka limenusurika moto ila limejaa moshi na maji

Pole sana, dada. Nimekuelewa: jengo la maduka hapo Kariakoo limeungua, fremu yako ya simu na nguo haikushika moto ila imejaa masizi na maji, na mwenye jengo anataka mtoe mizigo kesho.

Zege likiwa limebanduka hadi nondo zinaonekana, usiingie mpaka mhandisi apime. Kama ni salama, usitoe kitu kabla ya kupiga picha kila rafu na kuiarifu kampuni ya bima kwa maandishi. Mkadiria hasara akikuta fremu imefagiliwa, huna cha kumwonyesha. Chukua taarifa ya polisi na ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Risiti za manunuzi zikiwa zimeharibika, waombe wauzaji wa jumla nakala.

Jiandae kwa hili, linaumiza wengi: mzigo ulikuwa wa milioni 40, nawe umekatia bima milioni 20. Mkataba ukiwa na kipengele cha wastani, yaani bima hulipa kwa uwiano wa kiasi ulichokatia na thamani halisi ya mzigo, kwa hasara ya milioni 10 utalipwa milioni 5 tu, tena kabla ya kukatwa kiasi unachobeba mwenyewe.

Simu zilizolowa usiziwashe wala kuzichaji, hata zikionekana nzima. Moshi wa nyaya za plastiki huacha tindikali inayokula shaba taratibu, na betri iliyopata joto au maji inaweza kuwaka siku kadhaa baadaye. Ziweke nje, mbali na nyumba. Nguo kavu zikung'ute masizi kwanza. Ukipangusa kwa kitambaa kibichi, yanazama kwenye uzi.

Bima wakikuzungusha, peleka malalamiko TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia kampuni za bima Tanzania.