Trela ya kulala: chuma kitupu, mbao au plaiwudi?

Swali: Naishi Malindi, nina gari dogo la sisi 1500. Nataka kujiundia trela ya kulala watu wawili, urefu futi 8, upana 4, kimo 4, tuwe tunakwenda nayo Mambrui na Marafa. Fundi wa kuchomea anataka kasha zima liwe la chuma. Ami yangu, muundaji mashua wa Matondoni, anasema mbao za mvule na kalafati (pamba ya kuziba nyufa za mbao), basi. Nimfuate nani?

Jibu: Wote wawili wanaijua kazi yao, ila hakuna aliyelifikiria gari lako. Kasha la vipimo hivyo humeza shiti 5 za futi 8 kwa 4. Bati la chuma la milimita 1.5 ni kama kilo 35 kwa shiti, yaani kilo 175 kabla hujaweka chasisi, magurudumu wala godoro. Plaiwudi ya milimita 9 haifiki nusu yake: shiti ni kilo 16 hivi. Soma kitabu cha gari uone linaruhusiwa kuvuta uzito gani, kisha ndiyo uende dukani.

Ushauri wa ami una kasoro moja tu. Jahazi hukaa majini, mbao zikavimba na kuibana pamba ya kalafati. Trela itashinda juani, mbao zisinyae, na masika ya kwanza mtalala kwenye maji. Muombe akuchagulie mihimili ya ndani. Kwa jicho la mbao hutampata wa kumshinda.

Chuma kiache chini, kwenye chasisi: tyubu ya mraba ya 50 kwa 50, unene milimita 3. Ukipata iliyochovywa zinki, jua kuchomea huiunguza zinki kwenye maungio. Pasugue, upake rangi ya zinki. Fundi asiuinamie ule moshi mweupe, unaleta homa. Toboa vitundu vya kutolea maji upande wa chini, maana tyubu hapa pwani huoza kutoka ndani huku rangi ya nje ingali nzuri.

Plaiwudi ya kasha iwe ya mashua, yaani ya gundi isiyoachia majini. Muuzaji akikuapia, kata kipande cha ukubwa wa kiberiti ukichemshe saa nzima. Tabaka zikiachana, mrudishie. MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, usiiguse kabisa.

Sasa penye kazi yenyewe. Maji huingilia kwenye kingo na matundu ya skrubu. Paka epoksi, ile gundi ya kuchanganya vimiminika viwili, ukingoni. Ikinywewa, ongeza, mpaka ikatae kunywewa. Tundu la skrubu litoboe pana kuliko skrubu, ulijaze epoksi, likikauka utoboe tena katikati kwa kekee nyembamba. Inachosha, na mafundi wengi huiruka hatua hii, kwa hiyo simama naye mpaka amalize.

Paa: plaiwudi ya milimita 6, juu yake alumini ya milimita 1, rangi nyeupe. Alumini isigusane na chuma, kwani kwa upepo huu wa chumvi itakayoliwa ni alumini. Tenganisha kwa mpira, na bolti za stenlesi zipake silanti ya kuzibia maji kabla ya kuzikaza.

Madirisha mawili yanayotazamana, yenye wavu wa mbu, yanatosha. Godoro linunue mwisho: ukishaweka kuta na mihimili, ndani hupati futi 4 kamili.