Nyumba yenye watu ndani

Ndugu zangu wa Mombasa hunipigia simu: "Umefanya kazi na yule Myahudi miaka tisa, hebu tupe siri ya kununua nyumba." Mimi ni mtunza majengo tu, hapa Brooklyn, New York. Bosi wangu, Mhasidi (Myahudi wa madhehebu yanayoshika sana dini) wa mtaa wa Williamsburg, alianza na nyumba moja mbovu, leo ana majengo hadi Bed-Stuy na Bushwick, mitaa ambayo kodi ya nyumba imepanda nikiiona kwa macho.

Siri hakuna. Alijenga kwa ajili ya watu anaowajua. Siku ya Sabato hawapandi gari, kwa hiyo kila familia inataka kukaa karibu na sinagogi, mwendo wa miguu, na familia zao ni kubwa. Tazama majengo yao mengi kwa nje: roshani zimepishana, hakuna iliyokaa sawasawa juu ya mwenzake. Siku ya kwanza nilidhani fundi alikosea vipimo. Kumbe ni kwa ajili ya sikukuu ya Sukoti, wanapokula ndani ya kibanda, na juu ya kibanda isiwepo sakafu ya jirani bali mbingu. Je, wewe unawajua wapangaji wako kiasi hicho?

Pesa? Kwenye benki wanakopa kama watu wengine. Wao kwa wao riba ni haramu, basi huandikiana mkataba uitwao heter iska: mkopo unageuka ubia, mwenye mtaji apate fungu la faida. Nilipoelezwa nilicheka. Hii si mudharaba ya kwetu, ule ubia wa Kiislamu?

Ila hapa ndipo nawaomba mnisikilize, maana mimi nimeungua. Mwaka 2018, nje ya kazi ya bosi, mimi na shemeji yangu tuliweka akiba yetu kwenye jengo la zamani la fleti nane. Muuzaji akasema wapangaji watatu wazee "wako njiani kuhama". Hawakuwa na njia yoyote. New York, jengo la fleti sita au zaidi lililojengwa kabla ya 1974 kwa kawaida lina kodi inayodhibitiwa na sheria, na Juni 2019 sheria ikakazwa: mpangaji akihama, fleti haitoki tena kwenye udhibiti. Hesabu zetu zote za kupandisha kodi wazee wakihama zikafa.

Nilipanda kwenda kuzungumza na mmoja wao, bibi wa Puerto Rico. Akanipakulia wali wa mbaazi, kisha akatoa kopo la biskuti lililojaa mikataba, wa kwanza wa 1979. Angekuwa ameniuzia yeye jengo, ningejua kila kitu.

Basi: hati za umiliki na madeni zisome ACRIS, sajili ya jiji, ni bure mtandaoni. Muuzaji alete historia ya kodi ya kila fleti kabla hujatoa hata senti. Bisha hodi mwenyewe. Na ukishanunua, usimsikilize atakayekunong'oneza uzime boila ya kupasha nyumba joto ili watu wachoke. Wapo wa kila dini wanaofanya hivyo. Joto ni lazima, 1 Oktoba hadi 31 Mei, na kumsumbua mpangaji ili ahame ni kosa.

Bosi nilipomsimulia alitikisa ndevu, akaniuliza kama nilikula ule wali. Nilikula. Bibi bado yupo fleti ya tatu, na mwezi uliopita nimembadilishia bomba la jikoni.