Ukungu ndani ya gari: maji yanatoka wapi?

Baridi ikianza, naulizwa kuhusu vioo kuliko injini. Leo najibu maswali matano.

Shikamoo fundi. Gari linalala nje, madirisha nimefunga yote, mvua hakuna. Asubuhi vioo vinatiririka maji kwa ndani. Nimepangusa hadi nimechoka. (Mwalimu, Njombe)

Marahaba, mwalimu. Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi kuliko ya baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa ikiwa na nyuzi 20 inabeba mvuke usiozidi gramu 17 hivi; ikipoa hadi nyuzi 10, mwisho wake ni gramu 9 na kidogo. Unaozidi hapo hutua kwenye kioo, maana kioo hupoa upesi, hasa usiku usio na mawingu. Ndiyo maana gari lililolala chini ya paa huamka na nafuu.

Sasa wewe ni mwalimu, tupige hesabu. Gari dogo lina hewa ya mita tatu za ujazo, tuseme. Hata kama hewa hiyo ilishiba mvuke kabisa, ikipoa kutoka nyuzi 20 hadi 10 itadondosha gramu 23 au 24, yaani kijiko kimoja na nusu cha chakula. Kama wewe unakamua kitambaa mara mbili tatu kila asubuhi, hayo si maji ya hewa. Kuna kitu kimelowa humo ndani: mwavuli ulioachwa nyuma ya siti, koti la mvua, au kapeti. Kioo utakipangusa mpaka Pasaka, tafuta kilicholowa.

Nimepapasa kapeti, ni kavu. Lakini gari linanuka uvundo na ukungu hauishi. (Limuru)

Kupapasa hakutoshi. Chini ya kapeti kuna sponji nene inayoweza kunywa maji lita kadhaa huku juu pakavu. Weka gazeti sakafuni, likanyage kwa kisigino kwa nguvu, uhesabu hadi thelathini. Likilowa, umempata mwizi.

Kisha angalia ni upande gani, kwa sababu upande unasema mengi. Maji yakiwa miguuni kwa abiria wa mbele, kwanza shuku mrija wa AC. AC inapofanya kazi hukamua maji hewani na kuyatoa kwa mrija mdogo wa mpira chini ya gari. Ukizibwa na tope au majani, maji hurudi ndani. Washa AC siku yenye unyevu, simama robo saa: chini pasipodondoka hata tone, mrija umeziba. Fundi anauzibua kwa dakika chache, usikubali kufunguliwa dashibodi nzima kwa ajili hiyo.

Ukikuta ni maji ya mvua, fungua boneti utazame chini ya waipa. Pale pana njia za kutolea maji, na majani huziziba. Wenzangu wa Arusha wanaoegesha chini ya mijakaranda wanajua: maua yanaanguka Oktoba na Novemba, mvua za vuli zinakuja juu yake. Buti likilowa, kagua raba ya mlango wake na zile za taa za nyuma.

Kuna moja linalonitia wasiwasi zaidi. Kioo cha mbele kikiwa na utando unaonata kama mafuta, ndani kukanukia utamutamu, na kulanti (maji ya kupozea injini) inapungua, basi rejeta ndogo ya hita inavuja. Hilo lipeleke gereji leo. Na usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto.

Ukishaziba tundu, ng'oa siti, inua kapeti, anika siku mbili tatu za jua. Bila kuikausha ile sponji, umefanya nusu ya kazi.

Mimi ukungu uko nje ya kioo, waipa inaufuta unarudi. (Dar es Salaam)

Hiyo ni AC yako. Umepoza kioo, na hewa ya pwani iliyojaa unyevu inatua juu yake. Punguza ubaridi, usielekeze upepo kwenye kioo. Basi.

Jirani kaniambia niweke mchele kwenye soksi. Kweli? (Iringa)

Pika mchele, ule. Unanyonya kidogo mno. Chumvi ya mawe kwenye bakuli inasaidia kiasi, lakini ikimwagika italeta kutu. Afadhali ufanye hili bila gharama: kabla ya kufunga gari jioni, fungua milango ya pande zote mbili dakika tano, hewa ipite. Pia tazama kile kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani. Tunakibonyeza kiangazi kwa sababu ya vumbi, tunakisahau hadi masika, na pumzi za abiria wote zinabaki humo. Kizime. Asubuhi ukiwa na haraka, washa AC pamoja na hita, upepo uelekee kioo cha mbele. Watu hushangaa AC wakati wa baridi, lakini ndiyo inayokausha hewa.

Nalala kwenye kichwa cha lori nikiwa kwenye foleni Tunduma. Kila nikiamka ni mvua ndani. Kibaridi kikizidi nawasha jiko dogo la mkaa. (Dereva)

Kaka, ukungu huo ni pumzi yako mwenyewe. Teremsha madirisha mawili yanayotazamana, upana wa kidole, utapungua sana. Ila mkaa, hapana, hata kwa dakika kumi, hata kama dirisha liko wazi kidogo. Hewa yake ya sumu haina harufu wala haikuamshi. Nunua blanketi la pili.